Mkono wa Kuongelea

Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe
10 Februari 2024

Dada Severa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Mpe mama shikamoo yangu, umwoneshe kwa ile ishara yetu ya kugusa goti, asije akadhani nimemsahau. Nyonga yake inaendeleaje? Binamu yetu Beno aliniambia anaweza kukaa kitandani mwenyewe sasa, na kwamba ameanza kukugombeza. Hapo nikajua anapona.

Meza yetu ya zipu na vifungo haijambo. Filbert wa lesi anakusalimu, anasema tangu uende Kibosho mwezi wa kumi na moja hana mtu wa kugombana naye juu ya kivuli cha mwavuli. Wateja wananyoosha kidole, mimi naonesha bei kwenye kikokotoo, tunaelewana. Wale wa kubishana kwa mdomo nawaangalia tu mpaka wachoke. Viziwi tuna faida zetu.

Nakuandikia barua kwa sababu simu yako umeiacha iogelee kwenye mfereji, na kitochi cha mama hakibebi maneno yangu. Isitoshe tulizoea barua tangu nilipokuwa bweni. Meseji ni za "nimefika" na "tuma vocha".

Sasa la msingi. Unajua chama chetu cha viziwi kimeiandikia hospitali tangu mwaka juzi kuomba mkalimani. Mwezi uliopita wamekubali. Mgonjwa kiziwi akitoa taarifa wiki moja kabla kwa dawati la ustawi wa jamii, wanamwita mkalimani wa lugha ya alama. Nimekwenda naye juzi kuhusu ule uvimbe wa kizazi. Anaitwa Zulekha, mtu wa Masasi. Baba yake kiziwi, mama yake kiziwi, lugha ya alama kainyonya.

Dada, daktari aliniangalia mimi. Alipoanza na "mwambie kwamba", Zulekha akamwomba aseme na mgonjwa mwenyewe. Daktari akageuza kiti! Nimeuliza maswali yangu yote mpaka nikaishiwa. Uvimbe ni mwingi, na ndio unaonimaliza damu. Itabidi nipasuliwe. Tarehe 23 Aprili tunakwenda kusaini na kupangiwa siku.

Usiwe na wasiwasi na safari. Wewe muuguze mama.

Mdogo wako,
Hyasinta


Kibosho
24 Februari 2024

Mdogo wangu Hyasinta,

Marahaba, na milele amina. Mama amesogea hatua mpaka mlangoni kwa kushika kiti. Anasema chai yangu haina majani. Ng'ombe amezaa dume, mvua bado, kahawa imetoa maua machache.

Kwa hiyo nimestaafishwa. Ningependa angalau kupewa bati kama wanavyofanya kwa watumishi wa serikali.

Mimi niliyekupeleka kwenye jino, kwenye malaria, kwenye yale macho mekundu, niliyesimama na wewe kwenye foleni mpaka miguu ikavimba, sikuwahi kugeuziwa kiti na daktari yeyote. Kaja mtoto wa Masasi siku moja tu, kiti kimegeuka. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Naona umepona kweli.

Ana umri gani? Anavaaje? Lugha ya alama ya darasani ninajua anaijua, kainyonya, nimekusikia. Lakini je, anajua kwamba ukikunja pua mara mbili si harufu, bali umeogopa? Hilo halikufundishwa shule yoyote. Tulilitunga mimi na wewe nyuma ya jiko hili ninaloliangalia sasa hivi, siku mbwa wa padri alipokata mnyororo.

Na hayo maswali mpaka ukaishiwa, ni maswali gani? Mbona nilipokuwa nakwenda nawe hukuwa na maswali? Ulikuwa unatikisa kichwa tu.

Nimekutumia ndizi na maparachichi matano. Zulekha usimgawie, kwao Masasi wana korosho.

Dada yako,
Severa


Kariakoo
12 Machi 2024

Dada,

Shikamoo. Ndizi zimefika, parachichi moja limepasuka. Poleni kwa mvua kuchelewa. Huku joto linataka kutuua, hata Filbert amenyamaza.

Zulekha ana miaka kama ishirini na tisa. Anavaa baibui nyeusi na hijabu ya rangi moja, maana nguo ya maua inachosha macho yetu tunapoangalia mikono. Parachichi nimemgawia.

Umeuliza kwa nini nilikuwa natikisa kichwa tu. Nitakuambia. Unakumbuka yule daktari mzee wa malaria? Alisema jambo, mkacheka nyote wawili. Mlicheka mpaka yeye akavua miwani. Nikakuuliza amesema nini, ukanionesha "nitakuambia nyumbani". Nyumbani ukasema umesahau. Mimi nilikuwa mgonjwa, dada, na kicheko kilikuwa chenu. Sijawahi kukuonea wivu kwa masikio yako ila siku hiyo.

Zulekha hawezi kufanya hivyo. Mtu akikohoa mlangoni ananiambia amekohoa. Muuguzi akimsengenya mwenzake, na mimi napata. Nimecheka hospitali kwa mara ya kwanza.

Wenzangu wa chama wamempa jina la alama. Unajua sisi hatumwiti mtu kwa herufi, mpaka aonekane ni wetu ndipo apate alama yake. Mimi ndiye niliyependekeza: kidole kwenye shavu, pale penye kishimo akicheka.

Maswali yangu yalikuwa ya ugonjwa tu.

Hyasinta


Kibosho
Jumamosi Kuu, 30 Machi 2024

Hyasinta,

Marahaba. Heri ya Pasaka, ikifika kabla haijapita. Mama ameungama kwa padri aliyekuja nyumbani, na najua amenisema kwake kuhusu chai.

Yule daktari mzee alisema mimi ndiye ninayeonekana mgonjwa na wewe ndiye uliyenileta. Ndicho tulichocheka. Haya, nimekuambia. Miaka kumi na moja umekitunza kicheko kile kama hati ya kiwanja.

Mimi jina langu ulinipa ukiwa na miaka minne: kidole gumba kidevuni, kwenye kovu la jiwe. Lilinigharimu damu. Mwenzangu kalipata kwa kucheka. Wanasema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, lakini mimi sijakonda, nanenepa kwa hasira.

Anakutafsiria vizuri, sawa. Akitoka pale anakwenda kwao. Ukiamka usiku damu zinatoka, anakufulia shuka yeye? Damu nzito kuliko maji, mdogo wangu, na kuliko baibui ya rangi moja.

Tarehe 23 nimeiweka kichwani. Namba ya lile dawati la ustawi ninayo bado, tangu tulipohangaikia bima yako. Wale ni watu wasikivu.

Mama anakuonesha goti.

Severa


Kariakoo
27 Aprili 2024

Dada Severa,

Shikamoo. Salamu kwa mama. Mvua mliyoisubiri huko imeangukia huku. Jangwani pamejaa, barabara ya Magomeni wameifunga siku tatu, watu wa upande ule hawakufika sokoni. Mtaro wetu ulifurika, nimeokoa zipu zote ila zile nyeupe.

Tarehe 23 nilifika hospitali saa mbili kamili. Zulekha hakuwepo. Nikangoja. Kwenye dawati walikuwa na haraka, muuguzi akaniandikia kwenye kipande cha boksi la glavu: "Ndugu yako alipiga simu wiki iliyopita. Alisema mkalimani hahitajiki, atakuja yeye. Yuko wapi?"

Nikageuka kuangalia mlango. Fikiria hilo, dada. Niligeuka kweli, nikadhani nitakuona.

Wakaniita ndani. Daktari alikuwa mwingine, kavaa barakoa, macho tu. Anaongea, barakoa inapanda na kushuka. Nikamwonesha masikio yangu, akaongeza sauti. Nilijua kwa sababu mishipa ya shingo ilimtoka. Muuguzi naye akanishika bega akanipigia kelele sikioni, nikahisi pumzi yake. Kisha wakaniwekea karatasi ya kukubali upasuaji. Maneno ya kitabibu yalikuwa kwa Kiingereza. Nilitaka kujua kitu kimoja tu, wanatoa uvimbe au wanatoa kizazi chote. Nikachora. Nilichora kizazi, dada, mbele ya mwanamume nisiyeuona uso wake, nikaweka alama ya kuuliza. Akatikisa kichwa kukubali. Kukubali nini? Muuguzi akanitia kalamu mkononi.

Nikairudisha kalamu. Wakakasirika, nadhani. Wameniondoa kwenye orodha ya Mei. Mpaka Julai.

Damu bado inatoka. Nakunywa vidonge vya kuongeza damu, na Filbert ananiletea matembele.

Sina ndugu wengi wenye namba ya dawati lile. Sikuulizi. Nakuambia tu kilichotokea.

Hyasinta


Kariakoo
25 Mei 2024

Dada,

Shikamoo.

Mkungu umefika kwa basi jana. Barua haikuwemo. Nimepekua mpaka kwenye majani.

Basi nitaandika mimi tena. Beno alikuja kununua uzi, na Beno hana siri, unamjua. Ameniambia tarehe 22 Aprili ulilala kwake Magomeni. Ulikuja na gauni lako la kitenge cha zambarau, lile la kwendea hospitali. Asubuhi maji yalikuwa yamefunga Jangwani, ukazunguka mbali, ukafika hospitali saa sita. Wakakuambia nimeondoka nalia. Ukarudi Magomeni, jioni ukapanda basi la Moshi.

Kutoka hospitali mpaka Narung'ombe ni mwendo wa kumaliza muwa mmoja. Nilikuwa mezani. Hukuja!

Kwanza ulinifungia mlango, halafu ukanipita. Sijui nikasirikie lipi.

Na kwa kuwa hutaki kusema, nitasema mimi nililokataa kukuambia tangu Februari. Unataka kujua nilimuuliza nini daktari? Nilimuuliza kama nitaweza kuzaa. Nina miaka thelathini na sita, nipo na mtu, anaitwa Tarsis, anashona mabegi ya shule ghorofa ya pili juu ya Filbert. Kiziwi mwenzangu. Daktari alisema uvimbe ukitolewa vizuri na kizazi kikibaki, inawezekana.

Ningeulizaje hilo kupitia kwako? Shemeji alikuacha kwa ajili ya jambo hilohilo. Nikuweke mbele ya daktari, ulitamke swali langu kwa mdomo wako, kisha unigeukie na jibu? Ndiyo maana nilikuwa natikisa kichwa, dada. Kuna mambo ambayo sikuweza kuyapitisha kwako bila kukukata.

Zulekha ni njia tu. Wewe ulitaka kujua kwa nini nampenda. Nampenda kwa sababu haumii.

Hyasinta


Kibosho
6 Juni 2024

Hyasinta,

Marahaba. Mama mzima, anatembea na fimbo mpaka kwenye migomba. Hajui lolote, usimwambie.

Ndiyo, ni mimi. Nilipiga simu kwa kitochi cha mama, nikaongea kwa sauti nzuri ya mtu wa mjini. Nikasema mimi ni dada yake, namjua tangu alipozaliwa, msiwasumbue watu bure. Wakafurahi. Nilijiona mshindi. Nilipiga pasi gauni mara mbili. Nilipanga utoke kwenye foleni unikute nimekaa kwenye benchi, uniruke shingoni, na yule wa Masasi asikumbukwe tena.

Kisha maji. Nilisimama Magomeni nayatazama, yanapita na magodoro na masufuria ya watu, nikajua Mungu ananijibu. Nilipofika na kuambiwa umetoka unalia, miguu ilikataa kuja Narung'ombe. Ningekuambia nini? Fimbo ya mbali haiui nyoka, na mimi nilikuwa nimempokonya fimbo aliye karibu.

Ni wivu. Niuite nini kingine? Ulipoandika kwamba umecheka hospitali, nilikaa kwenye mfuko wa pumba nikalia kama nimefiwa. Sina mtoto, mume alikwenda zake. Kariakoo hakuna aliyeniita Severa, niliitwa dada wa yule kiziwi. Nilikuwa na kitu kimoja ninachokijua kuliko mtu yeyote duniani, nacho ni wewe. Akaja binti akakijua vizuri zaidi kwa mwezi mmoja, tena bila kuumia.

Kuhusu lile swali. Ungeniambia niulize, ningeuliza. Ningelia, lakini ningeuliza.

Huyo Tarsis ni wa kabila gani? Anasali wapi?

Severa


Kariakoo
16 Juni 2024

Dada Severa,

Shikamoo. Tarsis ni Mngoni, Mkatoliki, anasali kuliko wewe. Mabegi yake hayafumuki.

Bado nina hasira. Nakuambia ili ukija usishangae. Nimekwenda mwenyewe dawati la ustawi pamoja na katibu wetu wa chama, tumewaomba wasikubali simu ya ndugu yeyote kumwondoa mkalimani, ila mgonjwa mwenyewe aje aseme. Wamekubali, wameiandika na kuibandika ukutani. Kwa hiyo umetuachia sheria mpya. Viziwi wenzangu wanaiita sheria ya Severa, wanaweka kidole gumba kidevuni. Umekuwa maarufu.

Upasuaji ni tarehe 9 Julai. Zulekha ataingia nami. Wameruhusu na ndugu mmoja akae nami wodini mpaka mlango wa chumba cha upasuaji.

Umesema ungelia lakini ungeuliza. Sitaki uulize. Nataka ulie. Mkalimani hana ruhusa ya kulia, ndugu anayo. Miaka yote ile uliyonipeleka hospitali hakuna aliyenishika mkono, dada, kwa sababu mikono yako ilikuwa kazini. Nilikuwa naona wagonjwa wengine wameshikwa na ndugu zao, nawaonea wivu. Mimi nilikuwa na mkalimani aliyechoka.

Njoo uwe dada. Beno atakaa na mama, nimeshamwambia, usitafute kisingizio.

Vaa lile gauni la zambarau. Lina maua, litamchosha Zulekha macho. Najua litakufurahisha.

Hyasinta


Kibosho
28 Julai 2024

Mdogo wangu,

Pole na kidonda, na ole wako nikisikia umebeba boksi la vifungo. Mwambie Tarsis kwamba namwona kutoka huku. Safari ilikuwa nzuri. Nimemkuta mama amemfundisha Beno kupika chai ya majani, naye amekunywa yote. Nimenuna siku nzima.

Nimemweleza mama kwa ufupi: uvimbe umetoka, kizazi kimebaki. Akashika goti, akashika na la pili.

Nataka kuandika la asubuhi ile, kwa maana tulipokuwa pamoja hatukuligusa, na wewe huenda usilikumbuke kwa ajili ya dawa.

Nilikuja nimejiandaa kumchukia Zulekha mpaka mwisho. Kisha muuguzi akaja na dripu, akakamata mkono wako wa kulia, na yule binti akamzuia. "Weka kushoto, dada. Huu ndio mkono wake wa kuongelea." Muuguzi akahamia kushoto. Nikakumbuka malaria ile, siku mbili umelala na dripu mkono wa kulia, na mimi niliwaambia watu Hyasinta amepoa, hasemi neno. Nilimwonea wivu Zulekha kwa hilo kuliko kwa yote yaliyotangulia. Bado namwonea, usinifanye malaika.

Daktari akaja na uso wake wazi. Akakuambia wewe, si mimi, kwamba wakifungua na kukuta hali mbaya watalazimika kukitoa kizazi, je, unakubali? Mikono ya Zulekha ikaenda. Sikuitazama, nilitazama uso wako. Ulijibu unakubali, ukasaini. Kisha ukakunja pua mara mbili.

Zulekha hakuona, au aliona akadhani ni harufu ya dawa.

Hapo ndipo uliponinyooshea mkono. Wa kushoto ulikuwa na dripu. Ulinipa wa kulia, ule waliokuachia ili uweze kusema, ukauweka katikati ya viganja vyangu na kufumba macho. Nikalia, kama ulivyoagiza.

Yule binti alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, mikono tayari, anasubiri useme kitu atafsiri. Akasubiri weee. Akaniangalia mimi.

Nikamwambia, "Keti upumzike, mama. Kwa sasa hasemi kitu."

Akaketi.

Dada yako,
Severa